Ng'ambo Alikozaliwa Baba

Afisa wa uhamiaji aliniuliza babu yangu alizaliwa wapi, nami nikajibu haraka mno. Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Mtu asiye na wasiwasi huwa anafikiri kidogo, anajikuna, anasema "ngoja nikumbuke." Mimi nilitaja kitongoji, kijiji, kata, tarafa na wilaya kwa mkupuo mmoja, kama mtoto wa darasa la tatu aliyesimamishwa mbele ya wageni. Afisa akaweka kalamu mezani.

"Umekariri?"

"Hapana. Yaani ndiyo, ila si kukariri. Najua tu."

"Mimi babu yangu sijui hata alizaliwa kitongoji gani," akasema. "Wewe unajua mpaka tarafa."

Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, wakatabasamu. Nikaanza kufikiria kwamba labda ningetaja wilaya tu. Kisha nikafikiria kwamba ningetaja wilaya tu angesema sijui kwetu. Nilitoka pale mgongo umelowa jasho, na nilikuwa nimefika barabarani ndipo hasira ikanipata. Kwa nini yeye asiyejua alikozaliwa babu yake anakaa upande ule wa meza, na mimi ninayejua nakaa upande huu?

Niseme nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea vijidudu vinavyoharibu chakula, na kampuni moja ya kusindika samaki upande wa Igogo, hapa Mwanza, ilikuwa imenipa kazi ya maabara. Kazi kamili, yenye mkataba na bima. Wenzangu tuliomaliza pamoja walikuwa wanauza vocha na kufundisha tuisheni. Kampuni ilitaka kitu kimoja tu kabla sijasaini: namba ya kitambulisho cha taifa. Maombi yangu ya namba hiyo yalikuwa "yanashughulikiwa" tangu nikiwa mwaka wa kwanza. Dada wa ofisi ya utumishi pale kampuni akaniambia watanisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Mimi nimezaliwa Mwanza na nina cheti cha kuzaliwa. Lakini nilielezwa kwamba cheti hicho hakitoshi, lazima mzazi mmoja awe raia. Mama yangu, aliyefariki nikiwa shule ya msingi, alikuwa Mkenya, na nyumbani hakuna aliyewahi kulificha hilo. Nilibaki na baba. Baba ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha hapa Igoma, na amepiga kura katika kila uchaguzi ninaoukumbuka. Karatasi pekee inayosema alizaliwa wapi ni hati ya kiapo aliyoapa kwa wakili miaka ya nyuma, kwamba alizaliwa kijijini kwa babu, huko Rorya. Kijiji hicho kiko karibu na mpaka wa Kenya. Afisa alipolisoma jina la kijiji alishusha pumzi kana kwamba nimemletea mzigo.

"Watu wa mpakani," alisema. "Babu amefariki. Nani mzee amebaki katika ukoo?"

"Bibi. Mke wake."

"Mlete."

Bibi alikuja na ndoo ya dagaa waliokaushwa, kuku mmoja hai ndani ya kapu, na gauni lake la ibada alilolivaa tangu nyumbani ili lisikunjike kwenye begi. Jioni ile, tulipomaliza kula, baba alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake akaanza kumwelekeza. Baba yangu huwa haongei sana. Siku hiyo aliongea kama mtu anayempa mteja maelezo ya geti.

"Mama, kesho watakuuliza mimi nilizaliwa wapi. Sema kijijini, kwa mzee."

"Kwa mzee yupi?"

"Kwa baba. Nyumbani."

Bibi akamtazama kama amemwomba avue nguo. "Wewe hukuzaliwa kwa baba yako. Wewe ni mtoto wangu wa kwanza."

"Najua, mama. Lakini sema hivyo."

"Nani anazaa mtoto wa kwanza kwa mume? Nilikuwa mwanamke wa kuokotwa?"

Lazima nieleze hapa, kwa sababu hata mimi nilikuwa silijui jambo hili sawasawa. Katika ukoo aliozaliwa Bibi, mwanamke akishika mimba ya kwanza anarudi kwa mama yake kujifungua. Anakwenda tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, anakaa mpaka kitovu cha mtoto kinapodondoka, na kitovu kinafukiwa nyuma ya jiko la mama yake. Kisha mume anakwenda na mbuzi kumchukua mkewe na mtoto. Watoto wanaofuata wanazaliwa popote. Mwanamke anayezaa mtoto wa kwanza kwa mumewe, watu wanajua hana kwao, au ndugu zake walimkataa, au aliolewa bila mahari. Na kwao Bibi ni Kenya. Alipoolewa alivuka tu akaja upande huu, kwa watu wa lugha ileile, na tumbo lilipokuwa kubwa akavuka tena kurudi kwa mama yake. Baba yangu alizaliwa huko.

"Mama, hawa watu hawaelewi mambo hayo," baba akasema.

"Basi nitawaelewesha."

"Usiwaeleweshe! Sema kijijini, basi. Kazi ya mjukuu wako iko hapo."

Bibi akanigeukia. "Mjukuu wangu, kazi yenyewe ni ipi?"

"Ya kupima samaki, Bibi. Kama wana vijidudu."

"Samaki si ananusa tu mtu?" akasema, akacheka, na sisi hatukucheka. Kisha akasema sawa, amesikia. Mimi sikulala vizuri. Nilimfikiria afisa akimuuliza swali, nikafikiria Bibi akijibu, nikafikiria majibu yake yote yanayowezekana, na katika yote hakuna hata moja lililokuwa la ukweli. Sijui kwa nini akili yangu, inayowaza kila balaa, haikuiwaza hiyo.

Ofisini afisa alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mwanamke aliye nyumbani kwake. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alitaja baba mkwe wake na babu mkwe wake, na akaeleza yalipo makaburi yao, lipi liko karibu na zizi na lipi liko chini kuelekea ziwani. Alisema babu yangu alizaliwa palepale na alizikwa palepale, na kwamba mwenyekiti wa kijiji na wazee watatu walio hai wanaweza kuapa. Afisa alikuwa anaandika. Nilianza kuhesabu moyoni mshahara wa kwanza, nikajizuia, nikaona ni nuksi.

"Na huyu mtoto wako wa kwanza, ulimzalia wapi?"

Bibi akanyoosha gauni magotini. "Kwa mama yangu."

Baba alikuwa amekaa karibu nami kwenye benchi. Nilihisi benchi likitikisika.

"Kwa mama yako ni wapi, bibi?"

"Ng'ambo. Kenya."

"Una hakika?"

"Kijana, mimi ndiye niliyezaa! Utakuwa na hakika wewe?" Mwenzake wa meza ya pili akacheka kwa sauti. Bibi akapata nguvu. "Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa mwanamke. Mume wangu alikuja kunichukua na mbuzi, beberu mweusi. Alitoka naye huku kwenu mpaka kule kwetu, amembeba alipochoka kutembea. Waulize watu wa kwetu, watakwambia alikuja Mtanganyika na beberu. Walimcheka sana kwa viatu vyake."

Afisa akachukua hati ya kiapo ya baba, akaisoma polepole kwa sauti, mpaka mahali panaposema "nilizaliwa katika kijiji cha," akaishia hapo. Akamtazama baba.

"Mzee, hii ni nini?"

Baba akainamisha kichwa.

"Umeapa mbele ya wakili. Umesema uongo chini ya kiapo. Unajua hilo ni kosa la jinai? Mama yako huyu hapa, hata hakulazimishwa."

"Amesema uongo gani?" Bibi akauliza.

Tulirudi nyumbani. Nilimkasirikia Bibi kwa kiburi chake, kisha nikamkasirikia baba, na hasira yangu kwa baba ndiyo ilikuwa kubwa kwa sababu mchana huohuo nilikaa na simu nikaisoma sheria ya uraia, kifungu kwa kifungu, nikirudia, nikiogopa kwamba nimeelewa vibaya. Sikuwa nimeelewa vibaya. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, ambaye baba yake ni raia aliyezaliwa ndani, ni raia wa kurithi. Hakuna haja ya kuzaliwa kijijini. Babu alikuwa amezaliwa hapa, basi baba ni raia kwa babu, na mimi niliyezaliwa Mwanza ni raia kwa baba. Ukweli wa Bibi ulitosha. Uongo wa baba ndio uliotuharibia.

Nilimfuata karakana. Alikuwa anasawazisha kona ya dirisha kwa msasa, hajavaa miwani ya kukinga macho, kama kawaida yake.

"Baba, kwa nini uliapa uongo wakati hukuhitaji?"

"Sikujua kama sihitaji."

"Ungeuliza!"

"Nimuulize nani?"

"Mtu yeyote! Mwanasheria yuleyule uliyemlipa!"

Akaweka msasa chini. "Niliwahi kusema ukweli," akasema. "Nilikuwa na umri wako. Nilikwenda kuomba leseni ya udereva. Kijana wa mezani akaniuliza nimezaliwa wapi, nikamwambia kwa bibi yangu, Kenya. Akawaita wenzake, njooni muone Mkenya anataka leseni. Wakanipeleka rumande. Nililala huko mpaka babu yako alipokuja kunitoa. Njiani hakuniambia neno, hata pole hakusema. Tangu siku ile nikawa nimezaliwa nyumbani."

Nilitaka kumwambia nimeelewa, lakini nilikuwa sijamaliza kukasirika. Nikasema kitu cha kijinga, nikasema, "Sasa mimi nifanye nini na kazi yangu?" Akaokota msasa akaendelea. Nilisimama pale nikisikia chuma kikikwaruzwa, nikafikiri kwamba yule kijana wa mezani huenda sasa ni mzee, amestaafu, ana wajukuu, na kila mmoja wa wajukuu wake ana namba ya kitambulisho.

Wiki iliyofuata afisa akaniita peke yangu. Safari hii alikuwa mpole, hata alinivutia kiti.

"Dada, mimi naona wewe huna kosa. Umesoma, umepata kazi. Sitaki kukuchelewesha."

"Asante."

"Babu yako hana tatizo. Barua ya kijiji imekuja, wazee wameapa, kila kitu kiko sawa. Tatizo ni baba. Faili lake litakwenda kwenye uchunguzi, na uchunguzi haufahamiki utaisha lini. Sasa, ninachoweza kufanya ni hiki. Wewe unaandika maelezo kwamba baba yako alikudanganya kuhusu alikozaliwa, na wewe hukushiriki. Tunatenganisha mafaili. Wewe tunakuunganisha na babu moja kwa moja."

"Moja kwa moja vipi?"

"Wewe ni mjukuu wake. Tunapita kwa babu."

"Na baba?"

"Baba atasubiri."

Akanisogezea karatasi tupu na kalamu. Nakiri nilishika kalamu. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, na nilikuwa nimeshakwenda kuonyeshwa maabara. Nilijua kabati lipi litakuwa langu. Niliwaza sentensi ya kwanza, na mimi ni mtu wa kuandika sentensi moja kichwani kwa njia kumi: baba yangu alinieleza, nilielezwa na baba yangu, kwa kadiri nilivyofahamishwa na mzazi wangu. Zote zilikuwa zinasema kitu kimoja. Kisha nikajaribu kuuona huo mstari wa moja kwa moja kutoka kwangu hadi kwa babu. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Sijawahi kumwona hata kwa picha. Kitu pekee kinachonifanya niwe mjukuu wake ni yule mtu anayesawazisha madirisha bila miwani. Walitaka nimruke baba yangu kama mtaro wa maji machafu, nitue upande wa pili nikiwa Mtanzania.

"Siwezi kuwa mjukuu wa mtu bila kuwa mtoto wa mtoto wake," nikasema.

"Hayo ni maneno," akasema afisa. "Mimi nakusaidia."

"Hunisaidii. Unataka nimshtaki baba yangu ili faili lako lifungwe."

"Dada, punguza sauti."

"Kosa lake ni kuogopa watu kama ninyi. Na alikuwa na sababu ya kuogopa!"

Mwenzake wa meza ya pili aliacha kuandika. Watu waliokuwa kwenye foleni mlangoni waligeuka. Nilitarajia kukamatwa. Niliona kabisa rumande yenyewe, ukuta wake, na baba akija kunitoa bila kusema neno. Hakuna aliyenikamata. Afisa alisema tu, "Basi nenda kamlete baba yako mwenyewe aseme," kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Nilidhani baba atakataa. Kesho yake alivaa shati lake jeupe la msibani, akamshika Bibi mkono kwenye ngazi, tukaingia wote watatu. Afisa aliuliza swali lilelile. Baba alikohoa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, ina makovu madogo ya cheche. Nilitamani nimjibie. Nilishaandaa jibu, na vifungu vya sheria nilikuwa navyo kwenye simu. Nilijilazimisha kukaa kimya, na hicho kilikuwa kitu kigumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

"Nilizaliwa Kenya, kwa mama yake mama," baba akasema. "Baba yangu alizaliwa hapa. Kile kiapo cha kwanza kilikuwa uongo. Nimeapa kingine, hiki hapa. Naomba uraia wangu kwa baba yangu. Na wa binti yangu kwangu."

"Unajua nikipokea hiki, na kile cha kwanza nakipeleka kwa wanasheria wetu?"

"Najua."

"Wanaweza kukushtaki."

"Wanishtaki nikiwa na jina langu."

Bibi akatikisa kichwa akikubali, kama kanisani. Afisa akapiga mhuri wa kupokea, akasema itachukua muda, miezi, pengine zaidi. Akanigeukia mimi. "Na kazi?"

Hakuwa anauliza, nami nikamsaidia Bibi kuinuka.

Siku ya mwisho ya mwezi dada wa ofisi ya utumishi alinipigia. Nilikuwa nje, nikimwaga maji ya kuoshea dagaa.

"Mdogo wangu, namba imetoka?"

"Bado. Imepokelewa, lakini bado."

"Hata barua tu? Nipe chochote, niwaonyeshe mabosi."

"Barua nitakayokupa inasema maombi yamepokelewa."

"Hiyo watakataa." Alikuwa mtu mzuri, nilisikia anatafuta namna. "Lakini wewe si Mtanzania jamani?"

Nilikuwa na jibu refu. Nimelifanyia kazi jibu hilo kwa majuma, lina Bibi ndani yake, lina babu, lina vifungu vya sheria. Nikasema, "Mtanzania."

"Sasa?"

"Sasa mpeni anayefuata kwenye orodha."

Akasema pole, akakata simu. Nilirudi ndani. Baba alikuwa anamfungia Bibi mizigo yake ya safari kwa kamba ya manila, akivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Aliniuliza nani alikuwa anapiga. Nikamwambia ni watu wa kazi, na kwamba nafasi imekwenda. Akasimama na kamba mkononi. Nilimwona anatafuta la kusema, na nilijua likitoka litakuwa ni kuomba msamaha, na sikutaka aniombe msamaha. Si yeye niliyekuwa namdai wala aliyekuwa ananinyima. Nilichukua ncha ya pili ya kamba.

"Vuta upande wako," nikamwambia. Nikavuta na mimi, kwa hasira yangu yote.